Nimemaliza AFF (kozi ya kuruka na parashuti), niko na leseni A: sasa niendelee namna gani?

Swali lenyewe, nimelifupisha kidogo:

"Yaya, mimi naishi Lubumbashi. Nilifanya AFF Diani, pwani ya Kenya, nikapata leseni A, ile ya kwanza, ya USPA (chama cha waruka parashuti cha Marekani), sasa niko na miruko 31. Mwezi wa saba niko na konje ya wiki mbili, nitaenda Afrika Kusini pande za Johannesburg, nataka kuruka kila siku. Kuko mtu ananiuzia seti nzima yenye parashuti ya futi za mraba 150, bei nzuri, picha amenitumia. Niko na kilo 70. Rafiki yangu anasema ninunue na kamera ya GoPro, tena niingie haraka kwenye miruko ya kikundi juu peke yangu sitajifunza kitu. Nianze na nini?"

Mdogo wangu, hongera sana kwa leseni, na asante umeandika uzito wako na saizi ya parashuti, juu wengi wananiuliza tu "niendelee namna gani" na hapo jibu halitoki. Nitakujibu lakini si kwa mpangilio wako. Umeuliza vifaa, umeuliza kamera, umeuliza kikundi, kuhusu kutua hujauliza hata neno moja, na mimi niliyefundisha watu kuruka najua kwamba pale njo miguu inavunjika. Kwa hiyo tunaanza na kutua.

AFF (waliojifunza kwa Wafaransa wanaita PAC, njia yenyewe ni ileile) inakufundisha zaidi kuanguka. Kutoka kwenye ndege vizuri, kukaa sawa tumbo chini, usizunguke, uangalie altimeta (kipimo cha urefu), ufungue parashuti kwa wakati. Ni sawa, juu bila hayo hutafika popote. Lakini hesabu muda. Ukitoka mita 4,000 unaanguka kama dakika moja hivi, kisha uko chini ya parashuti dakika nne, tano, wakati mwingine zaidi. Na kwenye zile dakika tano, wakati wa masomo kulikuwa mtu chini na redio anakuambia geuka kushoto, ngoja, sasa vuta freni (zile kamba mbili za kuendeshea na kupunguza kasi). Ukishapata leseni redio inatoka, na watu wengi hawajiulizi ni nani sasa atasema "vuta". Siku hizi sehemu kubwa ya ajali za kuruka zinatokea parashuti ikiwa imefunguka vizuri kabisa, haina shida yoyote, mwenye kuiendesha njo anageuka chini sana au anavuta freni vibaya. Na hapo hata Cypres haikusaidii. Ile mashine kazi yake ni kufungua yenyewe parashuti ya akiba kama bado unaanguka kwa kasi ya karibu mita 35 kwa sekunde na umefika kwenye mita 225 hivi. Mtu aliye chini ya parashuti nzima akageuka kwa nguvu kwenye mita 30, Cypres itanyamaza tu.

Sasa sikia jambo ambalo kwa safari yako lina uzito kuliko yote. Ulijifunza Diani, usawa wa bahari. Pande za Johannesburg viwanja vya kurukia viko juu ya mita elfu moja, vingine karibu na 1,500. Hewa ya kule ni nyembamba. Mwili wako hautashangaa, Lubumbashi yenyewe iko kwenye mita 1,200 na kitu, umezoea, lakini parashuti yako haijazoea. Kwenye hewa nyembamba parashuti ileile, na mtu yuleyule, inakwenda kasi zaidi ili iweze kukubeba. Kwenye mita 1,500 ni kama asilimia 7 au 8 zaidi, na jua likiwaka saa sita mchana hewa inazidi kupanuka, unafika asilimia 10 na kupita. Inaonekana ndogo eeh? Ongeza na upepo. Kule pwani miezi ya kusi upepo unatoka baharini umetulia, unakupiga usoni wakati wa kutua na unakusimamisha. Tuseme parashuti yako ilikuwa inakwenda kilomita 40 kwa saa na upepo ulikuwa 20, basi ardhi ulikuwa unaiona inapita kwa 20 tu, karibu unatembea. Asubuhi ya mwezi wa saba kule juu mara nyingi hakuna upepo kabisa, bendera imelala kwenye mti wake. Parashuti ileile inakwenda 43 au 44 na yote unaiona. Kwa macho yako kasi imekuwa mara mbili na zaidi, na hakuna kilichobadilika kwenye mikono yako.

Nakuambia kinachotokea, juu nimekiona kwa wengi waliokuja kutoka pwani. Ardhi inakuja mbio, mtu anaogopa, anavuta freni mapema, kama mita sita au nane juu. Parashuti inasimama pale juu, inaisha nguvu, kisha inamwangusha. Mbaya zaidi ni yule anayeshtuka amevuta mapema halafu anarudisha mikono juu: hapo parashuti inapiga mbizi na inamgonga chini. Ukivuta mapema, umevuta: shikilia pale mikono ilipo, miguu pamoja, magoti pamoja yakiwa yamekunjwa kidogo, utue kwa kuviringika kama ulivyofundishwa siku ya kwanza. Mtindo wa kuviringika hauna aibu, walio na maelfu ya miruko wanautumia. Na vuta kwa urefu uleule wa Diani, pale miguu iko kama mita tatu au nne kutoka chini, vuta mpaka mwisho, mikono yote miwili sawasawa, kisha kubali kwamba utakimbia hatua kadhaa au utateleza kwa matako kwenye majani.

Mikono yote miwili, narudia. Kuko kosa moja dogo sana ukiliangalia kwa karibu. Mtu anakaribia chini, anahisi ataanguka upande wa kulia, mkono wa kulia unashuka wenyewe kwenda kushika ardhi. Hajafikiria, ni mwili tu. Lakini ule mkono umeshika freni. Ukishuka, freni ya kulia inavutwa zaidi, parashuti inageuka kulia, na inampeleka palepale alipokuwa anaogopa kuanguka, tena kwa kasi. Kifundo cha mkono kinavunjika hivyo. Dawa yake unaweza kuianza nyumbani kabisa: simama, inua mikono kama umeshika freni, shusha yote pamoja polepole mpaka kwenye nyonga, vidole gumba viguse mwili pande zote mbili kwa wakati mmoja, huku macho yanaangalia mbele kama mita thelathini, si chini ya miguu. Fanya kila siku, ni bure.

Nakuja kwenye ile parashuti ya 150. Usiinunue. Hesabu ni nyepesi: chukua uzito wako na vifaa vyote kwa ratili, gawanya kwa futi za mraba za parashuti. Wewe kilo 70, begi lote na ovaroli na kofia weka kilo 12, jumla 82, ni kama ratili 181. Kwenye 190 unapata 0.95. Kwenye 170 unapata 1.06. Kwenye 150 unapata 1.2. Kwa mtu wa miruko 31, tena anayeruka mara moja moja kwa mwaka, tena anaenda kwenye hewa nyembamba, mimi sitaki uvuke 1.0, njo maana nakuambia 190, na kama wako na 210 ya kukodisha chukua hiyo siku za kwanza. Muuzaji atakuambia "utakua nayo". Hutakua nayo, utakuwa unaiogopa, na anayeogopa parashuti yake hajifunzi, anaomba tu afike chini salama. Parashuti kubwa inakusamehe ukichelewa kidogo, ukiinama kidogo, ukichagua kona mbaya. Saizi unaishusha hatua kwa hatua, 190 kisha 170 baadaye, na unashusha pale tu mwalimu amekuona unatua ndani ya mita 10 za lengo mara nyingi, upepo ukiwepo na usipokuwepo.

Kuhusu begi lenyewe, hata likiwa na parashuti ya saizi yako, usinunue kwa picha. Lazima fundi wa parashuti aliangalie kwa mikono yake, alikunjue lote, asome tarehe. Cypres ina umri: zile za zamani kidogo zinaishi miaka 12 na nusu tangu zitengenezwe, zile mpya zaidi 15 na nusu, kisha inatupwa hata kama inawaka taa vizuri, kwa hiyo "bei nzuri" mara nyingi ni mtu anakuuzia Cypres iliyobakiza miezi. Ya akiba nayo inatakiwa ikunjwe upya na fundi mwenye cheti kila muda fulani, kwa sheria ya Marekani ni siku 180, kila nchi iko na yake. Sasa jiulize, begi likikaa chumbani kwako Lubumbashi mwaka mzima kati ya safari moja na nyingine, kila ukifika Afrika Kusini jambo la kwanza ni kulipa fundi na kungoja. Kwa mtu anayeruka wiki mbili kwa mwaka, kukodisha palepale uwanjani ni akili zaidi, unapata na saizi tofauti za kujaribu. Pesa ya begi ipeleke kwenye miruko na kwenye mwalimu. Vitu vya kununua sasa ni kofia inayokukaa, altimeta yako mwenyewe, miwani na glovu nyembamba. Basi.

Glovu usizidharau. Mwezi wa saba kule ni baridi, na ukitoka kwenye ndege mita elfu tatu na zaidi juu ya ardhi ambayo nayo iko mita 1,500, hewa iko chini ya sifuri. Vidole vikiganda hutasikia kishikio. Lakini glovu nene nazo zinaua hisia, kwa hiyo chagua zile za ngozi laini, vaa ukiwa chini, tafuta vishikio vyako vyote bila kuangalia, cha kufungulia, cha kuachilia parashuti kuu, cha akiba. Kama kimoja unakitafuta zaidi ya mara moja, zile glovu hazikufai.

Sasa kazi ya zile wiki mbili. Mimi ningekuwa wewe, ningeomba mwalimu wa parashuti, si wa kuanguka, siku mbili za mwanzo. Viwanja vingi viko na kozi ya kuendesha parashuti, na leseni B ya USPA inaidai: miruko 50, hiyo kozi, mafunzo ya kutua majini, kutua mara 10 ndani ya mita 10 za lengo, na kuonyesha ujuzi wako wa kuanguka. Kwa hiyo si kupoteza muda, ni njia ya leseni yako inayofuata. Omba miruko ya kutoka chini, futi 5,000, unatoka na unafungua papo hapo. Mara nyingi ni ya bei ndogo kuliko ile ya juu, na muda wote uko chini ya parashuti. Mbele ya kupanda, mwambie rubani na wanaokufuata kwamba utafungua juu, wasikushtukie.

Kule juu fanya mambo haya kwa utulivu, yote yamalizike kabla hujashuka futi 2,500. Vuta freni polepole mpaka parashuti iache kuruka, ujue ni wapi hasa mikono iko pale inapozima, kisha rudisha polepole, si ghafla. Kwa wengi ni chini kuliko wanavyofikiri, na kwenye parashuti ya kukodi inaweza kuwa tofauti na ile ya Diani, kwa hiyo kila parashuti mpya unaanza na hilo. Geuka kwa mikanda ya nyuma (ile ya mabegani inayoshika kamba za parashuti) bila kugusa freni, juu siku moja freni itakatika au itanasa na utahitaji kutua hivyo. Na hili lingine ningependa ulirudie mpaka uchoke: vuta freni zote mbili nusu, kisha geuka kwa kuachia kidogo upande mmoja na kuongeza kidogo mwingine. Parashuti inageuka bila kupiga mbizi. Kugeuka hivi kunaokoa watu. Uko chini, mita 50, ghafla unaona waya au mtu amesimama mbele yako, mkono unataka kuvuta freni moja mpaka chini, na ukivuta hivyo parashuti inashuka kwa mwendo wa kukugonga ardhini kabla haijanyooka. Mwenye mazoea ya freni nusu anapita pembeni na anatua wima.

Tena ujue, kutua upepo ukiwa mgongoni au ubavuni, parashuti ikiwa imenyooka, kunaumiza kidogo sana kuliko kugeuka chini ili upate upepo usoni. Ukichelewa kugeuka, umechelewa. Nyoosha, vuta, viringika.

Mzunguko wa kutua ni uleule, futi 1,000 unaingia upepo ukiwa mgongoni, 600 unakata upande, 300 unaelekea upepo, lakini bila upepo ule mstari wa mwisho utakupeleka mbali kuliko Diani, kwa hiyo sogeza kona zako nyuma. Chora kwenye karatasi mbele ya kila mruko, ukitua uchore njia uliyopita kweli, umwonyeshe mwalimu. Karatasi mbili tatu hivi zinafundisha kuliko video nyingi.

Na vumbi. Wewe mtu wa Lubumbashi unajua vile mwezi wa nane na wa tisa upepo unazunguka ghafla barabarani, unainua vumbi na mifuko ya plastiki mpaka juu ya nyumba. Kule wakati wa kiangazi vimbunga vidogo hivyo vya vumbi vipo pia, hasa mchana ardhi ikishapata moto. Kikipita chini ya parashuti kinaweza kuikunja mita 20 kutoka chini. Ruka asubuhi, na saa sita mpaka saa tisa mchana kaa chini uangalie wengine wanatua. Kuangalia nako ni shule: sema moyoni "sasa" pale ungevuta wewe, kisha ona kama yule amevuta pamoja nawe.

Kikundi. Rafiki yako hajakosea kwamba utajifunza, amekosea kuhusu haraka. Anza wawili, wewe na mwalimu au mtu ambaye uwanja umemkubali kufundisha. Akisema uko sawa, watatu, wanne. Kazi ya kikundi si kushikana mikono, hilo hata mpya analifanya, kazi ni kuachana. Kwa kikundi cha watu watano au chini, mnaachana angalau futi 1,500 juu ya pale wa kwanza atafungua, kila mtu anageuka, anakimbia na mwili umenyooka, anaangalia pembeni na juu, kisha anafungua. Wawili wakifungua karibu karibu, parashuti zao zinaweza kugongana. Kwa leseni A usifungue chini ya futi 3,000, na mimi ningekuambia panga 4,000, upate muda wa kuendesha. Na kama kuko shida ya parashuti, uamuzi wa kuachilia parashuti kuu na kufungua ya akiba ukamilike kwenye futi 2,500, ukipita hapo usianze kufikiria kwa mara ya kwanza. Ukiwa peke yako usikimbie kwenye mstari wa ndege, geuka uelekee pembeni, juu waliotoka mbele yako na nyuma yako wako kwenye huo mstari.

GoPro ngoja. USPA inapendekeza miruko 200 na leseni C mbele ya kubeba kamera, na sababu si uzito wake. Kamba za parashuti zinaweza kunasa pale, na zaidi ni akili: mwenye kamera anaanza kufikiria picha wakati altimeta inashuka. Wengine watakupiga picha, usiogope.

Mwisho, ule muda mrefu katikati ya safari. USPA inasema mwenye leseni A akipitisha siku 60 bila kuruka, mruko wa kurudi aufanye chini ya usimamizi wa mwalimu. Wewe utakuwa umepitisha, kwa hiyo ukifika usione haya, sema siku ileile ya kwanza: "Nilijifunza usawa wa bahari, niko na miruko 31, sijaruka miezi kadhaa, sijawahi kutua kwenye hewa nyembamba." Uwanja mzuri utafurahi kusikia hivyo, utakupa mwalimu na parashuti kubwa. Uwanja ukikujibu "haina shida, panda tu", tafuta mwingine. Huku nyumbani lala tumbo chini kwenye kitanda, shika vishikio vya kuwazia, sema kwa sauti: angalia, shika, vuta, angalia, shika, vuta. Kama safari ingekupitisha Dubai kuko handaki la upepo, dakika kumi mle ni sawa na kuanguka kwa miruko kumi hivi, litakusaidia sana kwa kikundi, lakini kutua halifundishi hata kidogo.

Na altimeta yako, ukishatoka uwanja wa ndege wa Luano mpaka Johannesburg, usiiamini inavyosoma kwenye begi. Iweke sifuri ukiwa umesimama palepale uwanjani utakapotua, asubuhi, na uiangalie tena mbele ya kila kupanda, juu hewa inabadilika mchana kutwa na sindano inasogea yenyewe.